Mkono Uliotangulia Mguu

Kangeta,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Baba,

Natumaini barua hii itakukuta kwenye veranda upande wa jua, na mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyosema, hata kama kuna wageni. Nyonga inaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa unafika hadi kwenye ghala la kahawa na kurudi bila kushikwa mkono. Sikumuuliza kama unafika kwa mkongojo au kwa ukaidi. Mimi ni mzima. Baridi ya huku imepungua na vumbi limechukua nafasi yake. Kazi ya stoo pale agroveti ni ile ile: asubuhi mbolea na mbegu, mchana dawa ya kupe, jioni kufagia.

Kaka Njeru husema simu inatosha na barua ni za watu wa zamani. Lakini kwa simu wewe hujibu "sawa" kabla mtu hajamaliza, na jambo hili lina hatua zake. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ulivyonizoeza nilipokuwa bweni, ukinirudishia barua zangu na makosa yamepigiwa mstari. Hii nayo unaweza kuipigia mstari.

Nataka kukueleza kilichotokea siku ya mazoezi pale kanisani Karurumo, maana najua umesikia upande wa Njeru tu. Najua pia kwamba ni wewe utakayesema nani akae kwenye kiti cha mlangoni Jumapili ya mavuno. Sitaki nipewe kiti hicho kwa kuhurumiwa, na sitaki nikikose kwa sababu isiyo ya kweli. Njeru ameshasema kwamba Kangeta imeniharibu, kwamba nilicheza kama mtu wa baa. Hilo si kweli. Kilichotokea ni kitu kingine, na nimekichunguza.

Nitaanza ulipovunjika nyonga. Ulisema mbele yetu sote kwamba gitaa la pili sasa ni langu, na Njeru abaki na la kwanza. Hukusema zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi huku, na mtu hawezi kutoka Kangeta hadi Karurumo kila wiki kwa ajili ya mazoezi. Nikaamua nifanye mazoezi chumbani, halafu nije siku zile za mwisho niungane na wenzangu. Mpango wenyewe haukuwa mbaya.

Shida ya kwanza ilikuwa ng'ombe. Mama Kagwiria, mwenye nyumba wangu, anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na zizi liko nyuma ya ukuta wa chumba changu. Nilikuja na ile spika ndogo ya Njeru. Jioni ya pili alibisha mlango akiwa na ndoo mkononi, akaniinamishia niione ndani.

"Nyaga, hebu angalia. Hii ni maziwa ama ni machozi?"

Alisema ng'ombe akisikia gitaa anabana maziwa. Nilidhani ananitania, lakini siku ambayo sikupiga, ndoo ilijaa. Tukakubaliana kwamba nitapiga bila sauti kutoka nje, yaani kwa hedifoni. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta vifaa.

Unajua jinsi ninavyonunua vitu. Nilikwenda Meru mjini siku yangu ya mapumziko. Karibu na soko la Gakoromone, ghorofani, kuna duka la spika, nyaya na vyombo vya muziki. Mwenye duka alinionyesha pedali pana ya kubadilisha sauti ya gitaa, yenye vitufe vingi na kioo cha rangi. Akapiga sauti ya kanisa kubwa, sauti ya radi, sauti ya nyuki ndani ya mkebe. Zilikuwa sauti nyingi kuliko nyimbo zetu zote. Nilimwomba anionyeshe ile ya gitaa tu. Akaitafuta kwa muda, akabonyeza huku na kule, mwishowe akasema, "Boss, hiyo ya gitaa tu hakuna mtu huniuliza." Nilimshukuru nikatoka.

Nikajaribu njia ya kompyuta. Mhasibu wetu aliniazima laptopu yake Jumapili moja, tukaweka programu ya bure inayogeuza kompyuta kuwa spika na pedali kwa pamoja. Sauti ilikuwa nzuri, lakini ilichelewa. Unagusa uzi, unasubiri, ndipo unasikia. Kuna mahali kwenye programu pa kupunguza kuchelewa huko. Ukipunguza sana sauti inaanza kukatika-katika kama mafuta ya mandazi, na ukiongeza inachelewa tena. Baadaye niliambiwa kuna kisanduku cha kuunganisha gitaa na kompyuta ambacho hutibu ugonjwa huo. Lakini laptopu haikuwa yangu, basi sikufuatilia.

Ikabaki simu. Unachomeka waya wa gitaa kwenye adapta, adapta kwenye simu, na ndani ya simu kuna programu yenye spika za kuchora, pedali za kuchora, mwangwi na ngoma ya kukufuatisha mdundo. Mara ya kwanza nilitumia hedifoni zisizo na waya, zile za kijana anayefanya kazi kaunta. Sauti ilichelewa hata mtu asiyejua gitaa angeona. Nilizikataa siku hiyo hiyo, nikanunua zenye waya. Kwa zenye waya, nilipiga na nikasikia hapo hapo. Niliandika kwenye shajara yangu kwamba tatizo la kuchelewa limekwisha. Nakutajia hilo ili ujue sikukurupuka. Nilikagua. Ila nilikuwa nimeona kosa kubwa, na nilipoliondoa nikadhani hakuna jingine.

Tangu hapo nilipiga kila jioni nikitoka kazini, nikitazama kioo cha simu mahali taa ndogo inapowaka kufuata ngoma. Niliongeza mwangwi kidogo kwa sababu chumba kilisikika kikavu. Nyimbo zote za mavuno zikaingia mkononi. Nilijisikiliza kwenye hedifoni, nikajiona niko tayari, na kwa kweli humo ndani ya hedifoni nilikuwa tayari.

Sasa siku ya mazoezi. Nilifika Karurumo nikakuta kiti chako kimeshawekwa mahali pake, kando ya mlango mkubwa, na waya mrefu umevutwa kutoka kwenye spika ya mbele. Wageni huwa wanauliza kwa nini gitaa la pili halikai mbele na wengine. Nilipokuwa mdogo niliuliza pia, na ulinijibu kwamba ukiwa mbele utaona nyuso, na ndizi hazibebwi kwa uso. Sikusahau hayo, Baba. Nilikaa pale na nilijua kazi ni ipi: wanaoleta mazao wanaingia kwa mlango wakicheza, na gitaa la pili ndilo linaloshika mwendo wao mpaka madhabahuni. Njeru anapamba tu.

Kina mama walijipanga nje kwa mazoezi, kila mmoja na mzigo wa kweli, kama ulivyoagiza. Shangazi Marigu, dada yako, alikuwa wa kwanza na mkungu wa ndizi mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Tulianza wimbo. Ilionekana vizuri kwa ubeti mmoja. Halafu niliona mstari unabanana mbele na kuachana nyuma. Mpiga ngoma akanifuata mimi, Njeru akamfuata mpiga ngoma, na wimbo wote ukaanza kuteremka kama mkokoteni usio na breki. Mama mmoja alimwaga maharagwe. Shangazi Marigu akasimama katikati ya kanisa, na kwa sababu ukanda ulimzuia kugeuza kichwa, akasema akitazama madhabahu:

"Nyaga, unanipeleka wapi? Mimi naleta ndizi. Sijakimbizwa na polisi."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Tukaanza tena, ikawa vile vile, na mara ya tatu hakuna aliyecheka. Njeru alikuja mpaka mlangoni. Hakupaza sauti.

"Hiki kiti bado ni cha Baba," alisema. "Simama kwanza. Mpe Wanja."

Wanja alikuwa amesimama kwenye mstari na kikapu cha viazi vikuu. Alikiweka chini, akachukua gitaa. Shemeji yangu anajua sauti tatu tu, na moja huwa anaikosea. Lakini alizipiga mahali pake. Shangazi Marigu alitembea mpaka mbele, akaweka ndizi, akarudi hadi mlangoni akipangusa paji la uso, na alipopita karibu nami akanigusa bega. Afadhali angenitukana.

Baada ya hapo sikupita nyumbani. Nilifikiri ningekukuta na maelezo ya Njeru tayari, nami sikuwa na maelezo yangu. Najua Mama alikuwa amepika na kwamba uliuliza niko wapi. Nilitaka kuja na jibu, nikaona ni heri nirudi Kangeta nikalitafute.

Jibu lenyewe lilikuja kwa njia ya matusi. Jirani yangu wa mlango wa pili anaitwa Kinoti. Anafunga miraa. Mchana huketi nje ya mlango wake na kamba za mgomba, akipanga vijiti na kufunga, na hana siku inayopita bila kunikumbusha kwamba mimi ni mtu wa Embu. Siku moja wiki ile nilikuwa nimeacha mlango wazi kwa sababu ya joto, nimevaa hedifoni, napiga wimbo wa Shangazi, na mguu wangu unagonga sakafu kufuata ngoma. Nikamwona Kinoti anatikisa kichwa na kucheka peke yake. Nikavua hedifoni nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna," akasema. "Nashangaa tu watu wa Embu. Mguu wako bado uko Kangeta na mkono umeshafika Maua mjini."

Nilimwambia asikilize vizuri, ngoma iko ndani ya simu, haisikii. Akasema hahitaji ngoma, anasikia nyuzi na anasikia kiatu, na hivyo viwili havijuani. Kisha akarudi kwenye kamba zake. Kwake huo ulikuwa utani wa kupitisha mchana, na sidhani anakumbuka kwamba aliusema.

Mimi nilifunga mlango. Nilichukua simu ya kazi, nikaiweka sakafuni kati ya gitaa na mguu, nikairekodi ile sauti kavu ya nyuzi pamoja na mlio wa kiatu, nikiwa nimevaa hedifoni kama kawaida. Kisha nikasikiliza. Kinoti alikuwa sahihi. Uzi ulilia, halafu kiatu. Uzi, halafu kiatu. Nafasi ilikuwa ndogo sana, lakini haikukosekana hata mara moja.

Nimelifikiria jambo hilo kwa utaratibu, na hivi ndivyo ninavyolielewa. Simu inachukua muda kidogo kugeuza sauti ya gitaa, hata kwa waya. Muda huo ni mdogo kiasi kwamba sikio halilalamiki, na mwangwi nilioongeza ulizidi kuuficha. Lakini ngoma haicheleweshwi, maana inatoka ndani ya simu yenyewe. Basi ili gitaa langu lifike sawa na ngoma, mkono ulijifunza kutangulia. Hakuna aliyeuagiza. Mguu ulibaki na ngoma kwa sababu haupiti kwenye simu. Kila jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya kuwahi, nikifurahi kwamba niko sawa. Kanisani hakuna simu ya kunichelewesha. Mkono ukatoka mapema kama ulivyozoea, mpiga ngoma akadhani nataka kasi akaongeza, nami nikatangulia tena mbele yake.

Kwa hiyo sikuharibiwa na Kangeta wala na baa. Lakini kuna sehemu moja ambayo siwezi kuilaumu simu. Ulinifundisha nitazame kisigino. Ulikuwa unaniketisha pale mlangoni na kusema, "Kisigino kikigusa, piga. Kabla ya hapo, huna kazi." Siku ile ya mazoezi kisigino cha Shangazi kilikuwa mbele yangu, wazi, na sikukitazama. Niliketi kwenye kiti chako nikitafuta taa ndogo ya simu ambayo haikuwepo. Njeru hakuliona hilo, kwa hiyo hawezi kuwa amekwambia.

Nimefuta programu. Nilirudi Meru kwa yule mwenye duka nikanunua kisanduku kidogo kisichozidi kiberiti mara mbili, kinachochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, na hedifoni zenye waya zinaingia humo. Hakina kioo wala simu ndani yake. Kina sauti safi, sauti yenye mkwaruzo kidogo, na mwangwi ambao nimeuzima. Nilikipima kwa njia ile ile ya simu sakafuni kabla sijalipa, na mwenye duka alisimama akinitazama nikigonga sakafu yake kwa kiatu. Hakikuchelewa.

Mwambie Njeru, maana kwa sasa maneno yetu ni machache, asinunue adapta aliyokuwa anaitaka kwa mazoezi ya mwendo. Kwa kutafuta sauti za gitaa la kwanza, programu ni nzuri na inafurahisha, na ana sikio la kuzichagua. Lakini kabla hajaiamini, airekodi sauti kavu na mguu wake kwa simu nyingine. Na zile hedifoni zisizo na waya awaachie wanaosikiliza mahubiri.

Kisanduku, hata hivyo, hakiwezi kuuondolea mkono tabia. Kwa hiyo sasa nafanya mazoezi ya pili bila kuchomeka chochote, polepole, ng'ombe hasikii. Nakaa dirishani wakati Mama Kagwiria anabeba majani ya napia kutoka shambani kwenda zizini. Ni mtu mzima, mzigo ni mkubwa, na njia ina mteremko. Napiga kwa kisigino chake. Yeye hajui. Siku za kwanza nilimpita kila mara kwenye mteremko. Juzi alisimama ghafla njiani kutoa jiwe kwenye kiatu, na mkono wangu ukasimama pia. Sikuuambia usimame. Alipokanyaga tena, tukaendelea.

Hilo ni mara moja, tena kwa mtu asiyebeba ndizi zetu. Halitoshi kunipa kiti, nami sisemi linatosha. Wanja anastahili kuliko mtu aliyewakimbiza kina mama na mizigo yao, na akipewa yeye sitanuna. Ila nakuomba unipime mwenyewe kabla hujasema.

Msalimie Mama na umwambie nimepata soksi alizonitumia, na kwamba chakula alichoniwekea siku ile ninakidai. Msalimie Shangazi Marigu mbeba ndizi, na umwambie polisi wamerudi kituoni. Wasalimie Njeru na Wanja. Wanja umwambie ile sauti anayoikosea ni ya kidole cha tatu, asikilaze. Msalimie pia mchungaji wetu, ambaye aliokota maharagwe pamoja nasi na hajaniuliza kitu mpaka leo.

Jumamosi ijayo nimepewa ruhusa kazini, na safari hii nitakuja nyumbani moja kwa moja. Kisanduku nitakileta. Vidole vyako vikikubali, utapiga usiku kucha na Mama hatasikia. Lakini kwanza nitaketi kwenye ngazi ya ghala na gitaa kavu, bila waya wala umeme. Wewe utoke kwenye veranda uje ghalani, kwa mwendo ulio nao sasa. Mguu ukiuma, punguza. Ukitaka kusimama, simama, wala usinionye. Usiuharakishe mguu kwa ajili yangu, maana nitajua. Nikikutangulia hata hatua moja, inua mkongojo, na gitaa nitampelekea Wanja kwa mkono wangu kabla hatujanywa chai.

Nitakuwa natazama kisigino chako.

Mwanao,
Nyaga